Wimbo Uliowatia Wafaransa Hofu ya Lugha Yao

Mwezi wa Aprili mwaka 2008, mbunge wa chama kilichokuwa kikitawala Ufaransa, François-Michel Gonnot, alifikisha malalamiko mbele ya Bunge la nchi hiyo. Hakulalamikia kodi wala bei ya mkate. Alilalamikia wimbo. Idhaa ya runinga ya umma, France 3, ilikuwa imeuteua wimbo uitwao "Divine" uiwakilishe Ufaransa katika mashindano ya nyimbo ya Ulaya, maarufu kama Eurovision, ambayo mwaka huo yaliandaliwa Belgrade, mji mkuu wa Serbia. Mwimbaji, Sébastien Tellier, alikuwa Mfaransa. Aliyemsaidia kuirekodi albamu yenye wimbo huo, Guy-Manuel de Homem-Christo wa kundi la Daft Punk, alikuwa Mfaransa pia. Kosa lilikuwa moja tu: maneno ya wimbo, takriban yote, yalikuwa ya Kiingereza.

Haukupita muda kabla ya serikali yenyewe kujitosa katika mjadala. Alain Joyandet, aliyekuwa waziri mdogo wa ushirikiano na masuala ya nchi zitumiazo Kifaransa, alisema waziwazi kwamba anayepewa heshima ya kuiwakilisha Ufaransa hana budi kuimba kwa Kifaransa. Mwishowe Tellier aliongeza mistari michache ya Kifaransa, akaenda Belgrade, akaingia jukwaani akiendesha kigari cha gofu, huku waitikiaji wake, wanaume kwa wanawake, wakiwa na ndevu za kubandika. Kati ya nchi 25 zilizoshiriki fainali, Ufaransa ilitoka ya 19.

Mtu aliye mbali na Ulaya aweza kucheka akajiendea zake. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, kisa hiki kimekuwa kikinirudia kila ninapoingia darasani kuzungumzia sera za lugha. Wanafunzi wangu huuliza, na walimu wenzangu vilevile, kama ni kweli kwamba lugha hulindwa kwa sheria. Na iwapo hulindwa hivyo, inalindwa dhidi ya nani. Sijaona mfano unaolijibu swali hilo kuliko Ufaransa na nyimbo zake za Eurovision.

Tumtendee mbunge yule haki kwanza. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. France 3 ilikuwa idhaa ya umma, na wakati huo kila nyumba yenye runinga nchini humo ilitozwa ada ya kila mwaka ya kuendeshea idhaa za namna hiyo. Mlipa ada ana haki ya kuuliza fedha zake zinafanya nini. Isitoshe, hofu ya Wafaransa juu ya Kiingereza katika mashindano haya haikuzuka hewani, bali ina historia.

Mashindano ya Eurovision yalianza tarehe 24 Mei 1956 mjini Lugano, Uswisi, nchi saba zikishiriki. Hapakuwa na kanuni ya lugha. Ilidhaniwa tu kuwa kila nchi ingeimba kwa lugha yake. Mwaka 1965 Sweden ikapeleka wimbo wa Kiingereza, na mwaka uliofuata waandaaji wakaweka kanuni: kila nchi iimbe kwa lugha yake ya taifa. Kanuni ikaondolewa mwaka 1973, na mwaka 1974 ABBA, wa Sweden tena, wakashinda kwa wimbo wa Kiingereza, "Waterloo". Ikarejeshwa mwaka 1977, ikadumu hadi 1998. Tangu 1999 kila nchi huimba kwa lugha iitakayo.

Sasa tazama matokeo. Chini ya kanuni ile, na hata kabla yake, Kifaransa kilikuwa bwana. Nyimbo 14 za Kifaransa zilipata ushindi, si za Ufaransa peke yake bali za Luxembourg, Uswisi, Monaco na Ubelgiji pia. Ya mwisho kati ya hizo ilikuwa ya Uswisi mwaka 1988, na aliyeiimba ni binti wa Kanada ambaye dunia nzima ilikuja kumfahamu baadaye, Céline Dion. Ufaransa yenyewe ilishinda mwaka 1977 kupitia kwa Marie Myriam, na hadi kufikia 2025 haikuwa imeshinda tena. Ama kwa Kiingereza, kati ya 1999 na 2025 ni nyimbo nne tu zisizo na Kiingereza zilizotwaa ushindi: ya Serbia mwaka 2007, ya Ureno mwaka 2017, ya Italia mwaka 2021 na ya Ukraine mwaka 2022. Nyingine zote ziliimbwa kwa Kiingereza au zilikichanganya. Wakati wa kutangaza alama, Kifaransa bado husikika pamoja na Kiingereza, kwa kuwa zote mbili ni lugha rasmi za muungano wa mashirika ya utangazaji unaoandaa mashindano. Lugha iliyozoea kuimba imebakia kuhesabu. Mfaransa anayeipenda lugha yake akiona hayo, moyo utamuuma, na hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo, kuumwa ni jambo moja na kujua mahali pa ugonjwa ni jambo jingine.

Hebu tuitazame sheria. Ufaransa ni nchi yenye sheria kali za lugha. Sheria iliyopitishwa tarehe 4 Agosti 1994, ambayo watu huiita kwa jina la waziri wa utamaduni wa wakati ule, Jacques Toubon, inalazimisha Kifaransa kitumike katika matangazo ya biashara, mikataba ya kazi, maelezo ya bidhaa na vipindi vya redio na runinga. Lakini katika vipindi, sheria iyo hiyo iliacha mlango mmoja wazi: kazi za muziki ambazo maneno yake, yote au baadhi, ni ya lugha ya kigeni. Kwa upande wa redio, sheria nyingine ya mwaka 1994 iliagiza kuwa angalau asilimia 40 ya nyimbo zinazochezwa saa zenye wasikilizaji wengi ziwe za Kifaransa, na kiwango hicho kilianza kutumika rasmi Januari 1996. Kwa hiyo watunga sheria walijua vyema kuwa wimbo si tangazo la sabuni. Waliuhesabu, hawakuupiga marufuku. Tellier hakuvunja sheria yoyote. Alichokivunja ni desturi, nayo desturi haina askari.

Kuna jambo dogo la kiisimu ambalo sioni vibaya kulitaja hapa, hata kama litaonekana ni uchokozi. Jina lenyewe la wimbo ule, "Divine", ni la lugha ipi? Mfaransa akilisoma atalitamka kwa namna yake na kulielewa: ni kivumishi cha kike chenye maana ya "-a kimungu". Mwingereza naye atalitamka kwa namna yake, na maana itakuwa ile ile. Wala haishangazi, kwani Waingereza walilipata kwa Wafaransa, pamoja na maelfu ya maneno mengine yaliyovuka bahari baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wabunge wa Paris walikuwa wakiyalalamikia, kwa sehemu, maneno ya babu zao yaliyorudi nyumbani yamebadili mavazi. Mwalimu wa Kiswahili anayeombwa kila siku aeleze ni neno lipi letu na lipi la kukopa ataielewa kejeli hiyo bila ya kufafanuliwa zaidi.

Tena, kama Kiingereza kingekuwa ngazi ya ushindi, Ufaransa ingalipanda. Haikupanda. Wimbo wa mwaka 2008 ulitoka wa 19. Miaka 13 baadaye, tarehe 22 Mei 2021 mjini Rotterdam, Barbara Pravi aliimba "Voilà", Kifaransa kitupu, amesimama peke yake bila ya mbwembwe, akapata alama 499 na nafasi ya pili. Waliomshinda walikuwa Waitaliano walioimba Kiitaliano, na aliyemfuata alikuwa Mswisi aliyeimba Kifaransa. Sisemi kuwa Kifaransa ndicho kilichompa Pravi alama hizo; mwaka 2023 Ufaransa ilipeleka wimbo mwingine wa Kifaransa ukatoka wa 16. Ninachosema ni kwamba mshindi wa pale huamuliwa na mambo mengi, sauti na lahani na sura ya jukwaa, na lugha ni mojawapo tu.

Hapo nafika kwenye sehemu ya kisa hiki ninayoiona kuwa nzito zaidi. Iliwahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba Ufaransa ikaimba kwa lugha isiyo Kifaransa, na isiyo Kiingereza pia.

Wakati kanuni ya lugha ya taifa ingali ikitumika, runinga ya Ufaransa iliifasiri kanuni hiyo kwa upana ambao Bunge halikuwahi kuthubutu kuufikia. Mei 1992 ilimpeleka Kali, mwanamuziki wa Martinique, akaimba kwa Kifaransa na Krioli ya visiwa vile, akatoka wa nane. Mwaka 1993 ilimpeleka Patrick Fiori na wimbo uliochanganya Kifaransa na Kikorsika. Akatoka wa nne. Mwaka 1996 mjini Oslo alisimama mpiga gita Dan Ar Braz na kundi lake, na wimbo wao, "Diwanit Bugale", ulikuwa wa Kibretoni, lugha ya Wakelti wa magharibi mwa Ufaransa, ndugu ya Kiwelsh cha Uingereza. Matokeo yalikuwa mabaya: alama 18, nafasi ya 19 kati ya nchi 23.

Jina la wimbo huo wa Oslo latosha kuwa somo zima. Laweza kufasiriwa hivi: Na wachipue watoto. Diwan, kuchipua kwa mbegu, ni jina pia la shule zilizoanzishwa na wazazi wa Kibretoni mwaka 1977, mwaka ule ule wa ushindi wa Marie Myriam, ili watoto wao wasomeshwe kwa Kibretoni tangu chekechea. Kwa nini wazazi walazimike kuanzisha shule zao wenyewe? Kwa sababu shule za serikali, tangu karne ya 19, zilikuwa zimefanya kazi ya kukiua Kibretoni. Mtoto aliyenaswa akikisema alivikwa kitu shingoni, pengine kiatu cha mti, pengine kipande cha ubao. Alikaa nacho hadi amnase mwenziwe akisema vivyo hivyo, ampe. Aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Wafaransa walikiita kitu hicho alama tu, yaani "symbole".

Msomaji wangu, najua umeshatabasamu kwa uchungu. Sisi tuliosoma katika shule za msingi za nchi hii tulikiita diski, na kilikuwa cha ubao pia. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili kutoka kwa ukoloni, naye alivikwa watoto wa kizazi chake kabla ya uhuru. Mimi nilikivaa zaidi ya miaka 20 baada ya uhuru, kwa kosa la kumwomba mwenzangu kifutio kwa lugha ya mama yangu. Sikupata kujua ni nani aliyekibuni. Nilipokuja kusoma habari za Bretagne nikiwa mwanafunzi wa uzamili, niliiweka chini karatasi nikatoka nje kwa muda.

Basi turudi Ufaransa. Mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya Kali kuimba Krioli mbele ya Ulaya, yaani tarehe 25 Juni 1992, Katiba ya Ufaransa ilirekebishwa, na Kifungu cha 2 kikatamka kuwa lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Wakati huo nchi ilikuwa ikijiandaa kuuridhia mkataba wa Maastricht uliounda Umoja wa Ulaya, na hoja ya waliotaka maneno hayo ilikuwa kujikinga na Kiingereza. Hoja ilikubalika. Lakini mwaka 1999, Ufaransa ilipotia saini Mkataba wa Ulaya wa kulinda lugha za kimaeneo na za wachache, Baraza la Katiba lilitumia kifungu kicho hicho kutoa uamuzi kwamba mkataba una vipengele vinavyokiuka Katiba. Mkataba haukuridhiwa. Ngao iliyofuliwa kwa ajili ya adui wa nje ikawa inawapiga watu wa nyumbani: Wabretoni, Wakorsika, Wabaski na wengineo.

Ndiyo maana mwaka 2008 unanivutia sana. Gonnot na wenzake walikuwa wakimkaripia Tellier kwa kutoimba lugha ya taifa. Siku mbili kabla ya fainali ya Belgrade, yaani tarehe 22 Mei, Bunge lilo hilo lilipiga kura kuingiza katika Katiba maneno yanayozitambua lugha za kimaeneo kuwa sehemu ya urithi wa nchi. Kulizuka kelele kubwa kuliko za wimbo. Académie française, taasisi iliyoundwa karne ya 17 kuchunga Kifaransa, ilitoa tamko la kupinga tarehe 12 Juni. Baraza la Seneti likayakataa maneno hayo siku chache baadaye. Mwezi wa Julai maafikiano yakapatikana: yaliondolewa mwanzoni mwa Katiba, yakapelekwa mbali, katika Kifungu cha 75-1, ndani ya sura ihusuyo serikali za mitaa.

Urithi! Mtu huweza kutunza urithi kabatini, akaufuta vumbi kila mwaka wageni wajapo. Neno hilo halimpi mtoto dawati wala mwalimu. Linganisha na Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010, kinachoiagiza Serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Kwenye karatasi tumewapita Wafaransa mbali. Ni nani kati yetu, hata hivyo, ambaye hajapita karibu na shule ambamo mtoto bado anaadhibiwa kwa kusema lugha ya kwao, na wakati mwingine kwa kusema Kiswahili chenyewe, ambacho kifungu kicho hicho kinakiita lugha ya taifa na lugha rasmi?

Nimesema siku mbili kabla ya fainali ya 2008. Historia, kama kwamba ina mzaha, ilirudia mchezo huo. Tarehe 8 Aprili 2021 Bunge la Ufaransa lilipitisha mswada wa Paul Molac, mbunge kutoka Bretagne, wa kulinda na kuendeleza lugha za kimaeneo. Mojawapo ya vifungu vyake kiliruhusu shule za umma kutumia mfumo ambao lugha ya eneo ndiyo ya kufundishia masomo kwa saa nyingi, na si somo moja miongoni mwa mengine; mfumo ule ule wa Diwan. Kingine kiliruhusu alama za maandishi za lugha hizo zitumike katika vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa kumekuwa na wazazi waliofikishwa mahakamani kwa sababu ya alama moja juu ya herufi n katika jina la Kibretoni, Fañch. Tarehe 21 Mei 2021 Baraza la Katiba lilivifuta vifungu vyote viwili. Msingi wa uamuzi? Kifungu cha 2. Na usiku wa tarehe 22, yaani kesho yake, Ufaransa nzima ilikuwa ikimshangilia Barbara Pravi, kwamba Kifaransa kimerudi kileleni.

Simlaumu Pravi hata chembe. Wimbo wake ni mzuri, na nimewasikilizisha wanafunzi wangu zaidi ya mara moja. Wala simlaumu Tellier. Nikipewa nafasi ya kuwauliza wabunge wa 2008 swali moja, nitawauliza hivi: Kiingereza cha Belgrade kilimnyang'anya mtoto gani wa Kifaransa lugha yake? Wimbo ulidumu dakika tatu, kama kanuni zinavyotaka. Siku iliyofuata kila mtoto wa Paris aliamka akisema Kifaransa, akaenda kununua mkate kwa Kifaransa, na kesho yake akafundishwa hesabu kwa Kifaransa. Lugha yenye shule, mahakama, jeshi, magazeti na mamilioni ya wasemaji katika mabara kadhaa haiuawi na kinanda cha umeme. Kibretoni, ambacho UNESCO imekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka, hakikuuawa na wimbo wowote. Kilidhoofishwa darasani, na mwalimu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, tena aghalabu Mbretoni mwenyewe aliyeamini kuwa anawasaidia watoto.

Hilo la mwisho ndilo ningependa walimu walifikirie wakati wa chai, kwa maana aliyenivika diski hakuwa mkoloni. Alikuwa mwalimu mpole, wa kijiji chetu, na alinifunza kusoma.

Mwezi wa Machi 2022, miezi michache baada ya uamuzi ule wa Baraza la Katiba, watazamaji na waamuzi wa runinga ya umma ya Ufaransa waliuteua wimbo wa kwenda Turin, Italia. Uliitwa "Fulenn", yaani cheche. Waimbaji walikuwa Alvan pamoja na wasichana watatu wa kundi la Ahez, na lugha ilikuwa Kibretoni kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Tarehe 14 Mei waliimba mbele ya Ulaya kwa lugha ambayo Katiba ya nchi yao inaiita urithi. Walipata alama 17, wakawa wa 24 kati ya nchi 25. Jumatatu iliyofuata, watoto wa shule za Diwan walirudi darasani kuendelea na masomo yao kwa Kibretoni, katika mfumo ambao Baraza la Katiba lilikuwa limeutangaza, mwaka mmoja tu uliotangulia, kuwa hauafikiani na lugha ya Jamhuri.